Wenye risiti ndo walibaki

Jumapili nilikua off, nikasema leo silali. Huu mwaka wa nne nabeba boksi hapa Savannah, jimbo la Georgia huku Marekani, nyumba ya wazee, shifti ya usiku, na kila mtu ananiambia nenda Beaufort mama, South Carolina hapo, ukaone walikoanzia watumwa walioachiwa huru, ni kama saa moja tu na gari, na mimi kila siku wiki ijayo wiki ijayo. Basi nikaenda. Na kitu cha kwanza kilichonisimamisha pale Port Royal, jirani kabisa na Beaufort, wala sio jumba wala sanamu, ni ukuta. Ngome ya zamani ya Waingereza, Fort Frederick, nusu yake imeshaliwa na mto, maji yakikupwa ndo unaiona vizuri, na ukisogea karibu unaona ukuta wote umejaa maganda ya chaza. Maganda mazima mazima, ukipitisha mkono yanakukwaruza.

Mimi mtu wa Pangani jamani. Ukuta wa chokaa naujua kabla sijajua kusoma, kwetu unajengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma, ukipigwa na chumvi miaka mingi unamomonyoka hivyo hivyo, unaacha vimashimo. Huku wanachoma maganda ya chaza kupata chokaa, af wanachanganya na mchanga na maji na maganda mengine, wanashindilia kwenye mbao, wenyewe wanaita tabi. Waliofanya kazi hiyo ukanda huu kwa miaka mingi wengi wao walikua watumwa. Nikasimama pale kama mjinga na viatu vimelowa, nanusa matope, harufu ni ile ile ya mikoko ya nyumbani.

Sasa pale pale pembeni, chini ya ile mialoni mikubwa yenye majani kama ndevu, ndo tarehe 1 Januari 1863 watumwa walisomewa tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru watumwa wa majimbo ya kusini yaliyoiasi serikali. Vita vyenyewe, vya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali na hao waasi, bado, vilikua viishe 1865. Ila huku visiwani mambo yalianza mapema, maana Novemba 1861 manowari za serikali ziliingia hapa zikapiga mizinga, mabwana wakakimbia siku hiyo hiyo, wakaacha pamba shambani na kama watu 10,000 waliokua watumwa wao. Hebu fikiria asubuhi yake. Unaamka, nyumba kubwa kule imefunguliwa milango, hakuna mtu wa kukuita. Wewe ni nani sasa? Mali ya nani? Hata serikali yenyewe ilikua haijui iwaiteje, mwanzoni wakawaita ngawira za vita, kama vile ng'ombe waliotekwa.

Na hapa ndo nilipotaka kufika, maana tukisoma habari za utumwa kuisha tunafundishwa kama vile siku moja mtu aligonga meza akasema mko huru, makofi, kwaheri. Wenyewe waliotoka utumwani walikua wanawaza kitu kingine kabisa. Ardhi.

Hapa Savannah mimi kila siku napita na basi kwenye ile nyumba ya Madison Square ambako Jenerali Sherman wa jeshi la serikali alikua kafikia baada ya kuuteka mji. Tarehe 12 Januari 1865 usiku waliitwa wachungaji na viongozi wa makanisa weusi 20, wakaulizwa mnataka nini. Msemaji wao alikua mzee wa miaka 67, Garrison Frazier, yeye na mkewe alishajinunua kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Akajibu bila kuzunguka, kwamba njia nzuri ya sisi kujitunza ni tupate ardhi, tuilime kwa mikono yetu wenyewe. Hakuomba chakula cha msaada, hakuomba kuhurumiwa. Na walipoulizwa mnataka kukaa mmechanganyika na wazungu au peke yenu, mzee akasema bora peke yetu, maana chuki dhidi yetu huku kusini itachukua miaka kuisha. Mzee aliona mbali yule.

Siku nne tu baadae Sherman akatoa amri namba 15, visiwa kuanzia Charleston kushuka kusini na mashamba ya mpunga ya pembezoni mwa mito wapewe watu weusi, kila familia isizidi heka 40. (Huku wana msemo wa heka 40 na nyumbu, yule mnyama wa kulimia, ila nyumbu mwenyewe hata hakuandikwa kwenye amri.) Watu kama 40,000 wakahamia, wakalima, wakapanda mahindi na viazi vitamu.

Halafu Lincoln akauawa, akaingia Andrew Johnson, akaanza kuwasamehe mabwana wa zamani mmoja mmoja, na ukishasamehewa unarudishiwa shamba lako. Hivyo tu. Oktoba 1865 akatumwa Jenerali Howard, mkuu wa ile idara ya kuwasaidia walioachiwa huru, aende kisiwa cha Edisto kuwaambia watu kanisani kwamba hiyo ardhi mnairudisha, mkaelewane na wenyewe, na muwasamehe. Watu walipiga kelele humo ndani. Kamati yao ikamuandikia barua, na hii barua kwakweli nimeisoma zaidi ya mara tano. Huyo Howard alikua kapoteza mkono wa kulia vitani, sasa wanamwambia hivi, naitafsiri kadri ninavyoweza: wewe ulipoteza mkono tu, unaweza kuwasamehe, ila mtu aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, akamvua nguo mama yangu na dada yangu akawachapa, na leo hataki nikae hata kwenye kibanda chake kitupu mpaka nimlimie kwa bei anayotaka yeye, na anashirikiana na wenzake nisipate ardhi maana anajua nikipata yangu sitakua na shida nae, mtu huyo siwezi kumsamehe.

Yaani sentensi moja ina uchumi wote wa miaka mia iliyofuata. Anajua nikipata yangu sitakua na shida nae. Ndo maana hawakupewa.

Badala ya ardhi wakaletewa mikataba. Na sheria mpya za mwisho wa 1865, hapo South Carolina mkataba wenyewe unasema mwajiri ataitwa bwana na mfanyakazi ataitwa mtumishi, ukitaka kazi nyingine nje ya shamba na utumishi wa ndani unalipia leseni, wengine mpaka dola 100 kwa mwaka, na usipokua na kazi wewe ni mzururaji, unakamatwa, unakodishwa kwa mtu ukamfanyie kazi. Na lile badiliko la 13 la katiba linalofuta utumwa limeacha mlango wazi pale linaposema isipokua kama ni adhabu ya kosa. Mtu akishahukumiwa basi tena.

Neno mzururaji likanichoma, maana sisi pia tunalo. Zanzibar, Aprili 1897, Sultani anatoa amri ya kufuta utumwa kwa msukumo wa Waingereza, na ukiisoma unakuta mtumwa haachiwi hivi hivi, aende mwenyewe kortini aombe, na akishapewa uhuru aonyeshe ana pa kukaa na anajipatia vipi riziki, la sivyo ni mzururaji. Mwenye mtumwa ndo anadai fidia. Wengi wakabaki kwenye shamba lile lile la mikarafuu, wanamfanyia mwenye shamba siku kadhaa kwa wiki ili waruhusiwe kupanda muhogo chini ya miti yake. Huku bara kwa Wajerumani ndo usiseme, watoto waliozaliwa kuanzia 1906 ndo wakahesabiwa huru, wazazi wao wakasubiri, utumwa ukaja kufutwa kabisa Tanganyika 1922 na Mwingereza. Kwetu Pangani ukimuuliza bibi hizi habari anaanza kukohoa. Mtu yeyote akiulizwa, utasikia babu yake alikua mfanyabiashara. Wote wafanyabiashara, sasa waliokua wanabeba zile pembe za ndovu ni nani?

Turudi Beaufort. Kisiwa cha pili yake, St. Helena, mambo yalikwenda tofauti, na sababu yake ni kitu kidogo sana. Bunge lilipitisha sheria 1862 kwamba mashamba ya maeneo ya waasi yalipiwe kodi kama kawaida, na mabwana wameshakimbia nani alipe, yakapigwa mnada. Machi 1863 kwenye mnada wa kwanza watu waliokua watumwa mwaka juzi tu wakachangishana, senti za kufua nguo za askari, za kuuza mayai na samaki, wakanunua kama heka 2,000. Mchango kabisa, kama tunavyochangiana harusi. Minada mingine ikafuata, vipande vya heka 10 hivi.

Hao waliopewa kwa amri ya jenerali walifukuzwa. Hawa wenye hati ya mnada walibaki.

Na walijaribiwa. Robert Smalls, yule aliyeiba meli ya Planter pale Charleston Mei 1862 usiku na familia yake ndani, amevaa kofia ya kapteni mzungu, anapiga king'ora zile alama za siri mbele ya ngome, akaivusha mpaka kwa manowari za serikali, huyo mtu alirudi Beaufort akanunua kwenye mnada wa kodi nyumba ya bwana wake. Ile ile ambayo yeye alizaliwa banda la uani. Ipo mpaka leo Prince Street, nyeupe, nimesimama nje nikapiga picha kupitia uzio. Mwenye kudai nyumba akamshtaki, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na 1878 majaji wakasema hati ya mnada ni halali. Kesi ya Smalls ikawa imewalinda na wale wa heka kumi kumi.

Smalls alikua mjumbe wa mkutano wa katiba ya jimbo ya 1868 iliyoweka shule za bure kwa watoto wote, akaingia Bungeni Washington, akawa anatoka anarudi mpaka 1887. Huko kwingine kusini baada ya askari wa serikali kuondolewa 1877 kura za weusi zilizimwa kwa bunduki na kwa kufukuzwa mashambani, ukimpigia kura mtu wako mwenye shamba anakutoa kesho yake na watoto. Sasa wa St. Helena atolewe na nani? Shamba lake. Mpaka ilipoletwa katiba mpya 1895 ya kuwakata kura kabisa, Smalls alikuwemo ukumbini, akakataa kusaini.

Pale kisiwani nilikuta mama mmoja anauza karanga za kuchemsha pembeni ya barabara, chumvi imekolea, kama za kwetu za kwenye sufuria. Tukapiga stori. Akaniambia shida yao ya sasa sio bwana tena, ni mirathi. Babu wa babu alinunua, akafa bila wosia, shamba likawa la wote, sasa warithi wako sabini, wengine New York hawajawahi kufika. Tajiri anamtafuta mmoja ananunua kifungu chake, anakwenda kortini anaomba shamba zima liuzwe ili agawiwe chake. Likishapigwa mnada nani ana hela? Kisiwa cha jirani, Hilton Head, daraja lilijengwa 1956 na sasa ni gofu na mageti.

Nikamwambia mama, hii hadithi naijua mpaka mwisho. Minazi yetu ya Pangani ina wajomba, mashangazi, watoto wa marehemu, wa Tanga, wa Dar, mimi huku. Ofisi moja walishatuambia faili halionekani, njooni wiki ijayo, huu mwaka wa tatu.

Niliporudi kwenye gari nikampigia mjomba, kwao ilikua usiku.

"Shikamoo mjomba. Ile risiti ya babu ya shamba iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kuna mtu kafa?"

"Hapana mjomba, nauliza tu."

Kimya. Af akaniambia iko kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati, mchwa wameila upande mmoja ila muhuri unasomeka. Nikamwambia naomba uipige picha sasa hivi unitumie WhatsApp, mbele na nyuma. Akazituma mbili. Ya kwanza ni kidole chake, ya pili ni kopo.