Fungu la raha nalitenga mapema

Kipato changu kilipopungua karibu kwa nusu, nilikaa na daftari nikapanga matumizi upya: kodi, nauli, umeme, chakula, madeni. Kabla sijafunga hesabu nikaongeza mstari mmoja: raha. Kiasi chake kilikuwa kidogo mno, lakini nilikitenga siku ileile niliyotenga kodi. Sikusubiri kitakachobaki, maana kwa mwenye kipato kidogo hakibaki kitu, na anayesubiri masalio huishia kujilaumu kila anapojinunulia chochote.

Fungu hilo hukaa kwenye bahasha yake. Pesa iliyomo haidaiwi maelezo. Nikitaka maua ya mezani, sabuni inayonukia vizuri au jarida, nanunua na moyo umetulia, kwa sababu swali la kama pesa hiyo ingefaa kwingine nilishalijibu siku ya kupanga. Ikiisha, imekwisha mpaka mwezi ujao.

Jambo lililonisaidia zaidi ni kuziachia raha nafasi. Binadamu huzoea haraka. Kitu kizuri kikija kila siku, ulimi na macho huacha kukishughulikia. Mwaka 2013 watafiti Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn walichapisha jaribio ambalo baadhi ya washiriki waliombwa waache chokoleti kwa wiki moja, na wengine wakapewa nyingi wale watakavyo. Walipoonja tena, walioacha ndio walioifurahia zaidi. Nami nililifanyia kazi hilo kwenye kinywaji changu cha mgahawani, ambacho nilikuwa nakunywa karibu kila siku. Sasa ni Ijumaa tu. Alhamisi jioni huwa nimeshaanza kukitamani, na hamu hiyo ni sehemu ya raha yenyewe, tena hailipiwi. Ikifika saa yake nakaa chini, simu naizima, nakunywa polepole mpaka tone la mwisho.

Halafu kuna anga, na hapa naomba nisiharakishwe. Rafiki aliniazima darubini ndogo ya kushika mkononi, ile ya macho mawili, ambayo kwake ilikuwa imelala kabatini. Niligundua kwamba mwezi hautazamwi vizuri ukiwa mpevu. Wakati huo jua linaumulika usoni moja kwa moja, vivuli vinapotea, kila kitu kinaonekana bapa. Ngoja ufike nusu, kisha tazama pale mwanga unapokutana na giza: milima na mashimo hutupa vivuli virefu, na usiku unaofuata mpaka huo umesogea, umefunua mashimo mengine. Kipindi sayari ya Mshtarii (Jupiter) inapoonekana, naegemeza viwiko ukutani ili mikono isitetemeke, na pembeni mwa sayari hiyo naona vinukta vya mwanga vilivyojipanga karibu kwenye mstari mmoja. Ni miezi yake mikubwa, ileile minne ambayo mwanaastronomia Galileo aliiona mwaka 1610. Wa ndani kabisa kati ya hiyo minne, Io, huizunguka Mshtarii kwa muda usiotimia siku 2, kwa hiyo mpangilio wa leo si wa kesho. Usiku mwingine huonekana mitatu tu, mmoja ukiwa umejificha nyuma ya sayari au umepita mbele yake. Sijawahi kulipia burudani iliyonipa hamu ya kurudi kesho kama hii. Ila usiielekeze darubini kwenye jua hata kidogo, inapofusha.

Vitabu havikunisumbua: maktaba, kuazimana, na Project Gutenberg, mradi ulioanza mwaka 1971 na unaotoa bure kwenye intaneti vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha.

Kazi ngumu ilikuwa marafiki. Wao walizoea tukutane mahali pa kulipia, na sikutaka kujitenga nao wala kukaa mezani nikipiga hesabu kichwani. Nilichofanya ni kuwahi kualika, kwa kuwa anayealika ndiye huchagua mahali. Kabla ya mwisho wa wiki natuma ujumbe: njooni tutembee, au njooni kwangu, kila mtu na alichonacho. Wakinitangulia, nawaambia waziwazi kwamba mwezi huu sina, ila natamani kuonana nao. Mara ya kwanza kuyasema maneno hayo yalinikwama kooni. Mara zilizofuata yalitoka bila taabu, na tukitembea bega kwa bega tunazungumza mambo ambayo mezani, mhudumu akipitapita, hatukuwa tukiyagusa. Mmoja wao aliniambia baadaye kuwa yale matumizi yalikuwa yanamlemea hata yeye. Siku hizi yeye ndiye anayetuchagulia njia.