Nilivyoacha Kushindana kwa Bei ya Mafuta ya Alizeti

Nilipoanza kukamua alizeti hapa Kibaigwa, mkoani Dodoma, kila aliyejiita mjuzi wa biashara alinipa ushauri uleule: shusha bei, kisha nunua mashine ya pili. Niliwasikiliza, nusura nifilisike. Ili bei ishuke, niliyarudisha mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokwisha kukamuliwa, kwenye mashine mara ya pili na kuikaza mpaka ikafuka moshi, nikihesabu kila tone kuwa faida. Mafuta yalitoka meusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Haikupita muda, mama lishe mmoja wa soko la Majengo akanirudishia dumu la lita 20, akafungua kifuniko na kusema, "Mwanangu, nusa mwenyewe." Sikuhitaji hata kuinama.

Baadaye nilikutana na hoja ya watafiti wa usimamizi wa viwanda, Kasra Ferdows na Arnoud De Meyer, ya mwaka 1990, kwamba uwezo wa kiwanda hujengwa kama rundo la mchanga: ubora chini, juu yake uhakika wa kutimiza ahadi, kisha kasi, na gharama nafuu kileleni, na kilele hakipandi hata kidogo mpaka kitako kipanuke. Mimi nilikuwa nimeanzia kileleni.

Kitako changu kilikuwa gunia. Baadhi ya wauzaji huleta alizeti yenye unyevu ili mzani uwapendelee, nami kipimo cha kisasa sikuwa nacho. Nilichukua chupa ya kioo iliyokauka, nikatia mbegu na chumvi kavu, nikafunga, nikatikisa, kisha nikaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mbegu ni mbichi. Dalali mmoja alicheka, "Kaka, sasa umekuwa mganga?" Chumvi ya gunia lake ilipoganda pande zote, kicheko kilikatika na bei tukaizungumza upya. Hata hivyo, hila hii hukamata unyevu uliozidi tu, haitoi kipimo kamili, ilhali alizeti ya kuhifadhi hutakiwa kuwa na unyevu chini ya asilimia 10, kwa hiyo hata gunia lililofaulu niliendelea kulianika.

Maturubai, chujio na tangi la kutuamishia mafuta vilinigharimu ng'ombe mmoja, pengine na mbuzi wa kuongezea, sikuandika. Madumu niliyaondoa juani kando ya barabara, kwani jua ndilo huyachachisha mafuta upesi, ingawa wateja hupenda kuyaona yakimetameta. Machicha ya chujio, ambayo zamani niliyamwaga mtaroni na kugombana na majirani, sasa nayachanganya kidogo kidogo na mbegu mpya na kuyakamua tena, na mashudu huchukuliwa na wafugaji kabla hayajapoa. Hapo ndipo gharama iliposhuka, bila mimi kuikimbiza.

Mashine ya pili sijainunua. Yule dalali siku hizi huja na chupa yake mwenyewe, na chumvi yangu bado haiamini.