Bili ya Paka na Visa Isiyo na Benefiti

Ukimwona paka dume anaingia kwenye sanduku lake la mchanga kila baada ya dakika chache, anachutama, analia, anatoka bila kuacha hata tone, usimsubiri mpaka kesho. Huenda njia yake ya mkojo imeziba. Naanza na hili kwa sababu wengi wetu tunaofuga paka huku Uingereza tunaishi peke yetu na kazi zetu ni za zamu, na dalili hii inaweza kukupita ukiwa unakimbilia basi. Mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wangu anaitwa Bwana Mdogo. Nilipomshika tumbo lilikuwa gumu, naye akaningurumia, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu nimchukue. Daktari alimpapasa kidogo tu, akasema kibofu kimejaa na njia imefungwa. Akanieleza taratibu: mkojo usipotoka, figo zinashindwa kusafisha damu, potasiamu inapanda, na potasiamu ikipanda sana moyo unapiga ovyo mpaka unasimama. Madume ndio wanaopatwa zaidi kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mwembamba. Tiba ni nusu kaputi, mpira wa mkojo, dripu, vipimo vya damu na kulazwa. Kisha akaniletea karatasi ya makadirio. Jumla yake ilizidi chote kinachobaki kwenye mshahara wangu nikishalipa pango, na kianzio kilitakiwa kabla hajalazwa. Chini kabisa paliandikwa pia gharama ya sindano ya kumpumzisha moja kwa moja. Hiyo ilikuwa ndogo.

NHS, huduma ya afya ya serikali ya huku, haitibu wanyama. Unalipa mwenyewe au bima inakulipia, na kwa kawaida bima hailipi ugonjwa ulioanza kabla hujaikata, kwa hiyo paka akishalala hoi si wakati wa kuitafuta.

Nilikuwa nimesikia habari za mashirika ya hisani, nikaanza kupiga simu. Yapo kweli, na kazi yao naiheshimu. PDSA lilianzishwa mwaka 1917 na mama mmoja, Maria Dickin, aliyefungua zahanati kwenye chumba cha chini ya ardhi kule Whitechapel, mashariki mwa London, ili wanyama wa maskini watibiwe. Blue Cross ni la zamani zaidi, la mwaka 1897. Hadi leo yanatibu bure au kwa bei nafuu. Lakini kwa kawaida unatakiwa uwe unaishi eneo wanalolihudumia, na uonyeshe kwamba unapokea benefiti fulani za serikali zinazotolewa kwa wenye kipato kidogo.

Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Visa zetu zimeandikwa kwamba haturuhusiwi kupokea fedha za umma. Unakatwa kodi kwenye mshahara kama jirani yako, kipato chako ni kidogo kama chake au hata pungufu, ila yeye ana barua ya benefiti na wewe huna. Dada aliyepokea simu yangu alikuwa mpole sana. Aliuliza, "Una barua yoyote inayoonyesha msaada unaopokea?" Nikamweleza kuhusu visa. Alinyamaza, akaniomba radhi. Siwalaumu wao. Fedha zao ni za michango, na wametumia kipimo ambacho serikali imekwisha kukifanya. Ninachosema ni kwamba kipimo hicho hakimwoni mhamiaji mwenye kazi ya kima cha chini, na anayepanga utaratibu huo inafaa alijue hilo.

Hata hivyo, piga simu. Matawi ya mitaani ya RSPCA, shirika jingine la hisani la wanyama, yanajiendesha yenyewe na kila moja lina mfuko wake, kwa hiyo jibu la tawi moja si jibu la jingine.

Kilichonisaidia zaidi ni kusema ukweli mbele ya daktari mwenyewe. Nilimwambia: "Daktari, leo nina hiki, na kila mwezi naweza kuleta hiki. Kwa pesa hii mnaweza kumfanyia nini?" Hakukasirika. Alichukua kalamu akapitia karatasi ile mstari kwa mstari: kipimo hiki ni cha lazima, hiki kinaweza kungoja, usiku mmoja wa kulazwa unaweza kupungua tukimwona anakojoa vizuri. Si kila kliniki inakubali malipo ya awamu, lakini kuuliza makadirio ya pili hakuna anayekukatalia. Na dawa za kuendelea nazo nyumbani, omba cheti cha dawa. Utalipia cheti chenyewe, lakini kwenye maduka ya dawa ya mtandaoni mara nyingi bei inashuka.

Iliyobaki ilitoka kwa watu. Kikundi chetu cha wahamiaji wa huku kimezoea kuchangia misiba, na niliogopa kumtaja paka mahali ambapo watu huomba nauli ya jeneza. Nilituma karatasi ya makadirio kama ilivyo, nikaomba atakayeguswa apige simu kliniki alipe huko huko, pesa isipite kwangu. Hilo liliwatuliza watu, hata wale ambao hatujuani sana. Mtu mmoja, kwa nia njema, alishauri nimpe panadol apunguze maumivu. Tafadhalini, kamwe msifanye hivyo: ini la paka haliwezi kuichakata dawa hiyo, na hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kule nyumbani tulikotoka nilimpigia kaka yangu kabla hajapungukiwa, nikamwambia mwezi huu nitatuma kidogo na sababu yake. Alikaa kimya, kisha akauliza kama mnyama anakula. Sikumwomba anielewe. Bwana Mdogo ndiye anayenipokea mlangoni nikitoka zamu ya usiku, na kwa miaka hii hakuna mwingine aliyekuwa akinisubiri kwenye chumba kile.

Sasa anakojoa. Anakula chakula cha majimaji tu, nimemwekea mabakuli ya maji kila pembe kwa kuwa tatizo hili hurudi, na deni nalipunguza mwisho wa kila mwezi. Nimeanza kuorodhesha matawi na kliniki zinazokubali hati ya mshahara badala ya barua ya benefiti. Unayeifahamu hata moja, mji wowote, niandikie jina lake na walichokutaka ulete, niwapelekee wenzetu wenye visa kama yangu.