Rozela, mchicha na sanduku la maswali: nilivyofundisha balehe darasa la sita

Nilipopewa Sayansi na Teknolojia darasa la sita, ofisi nzima ya walimu ilicheka. Walijua mada ya balehe inaningoja. Shuleni kwetu, kijiji kimoja cha Nachingwea, mkoani Lindi, mada hiyo ilikuwa na utaratibu wake wa miaka: watoto wanafungua kitabu, wanasoma kimya, wananakili mchoro, kengele inalia, imeisha. Mwenzangu mmoja mkongwe akanishauri: "Mwanaume hafundishi hedhi. Na wasichana wenyewe wameshachezwa unyago, wanajua kukuzidi."

Hilo la unyago lina ukweli nusu. Wasichana wametoka kwa kungwi na yao, wavulana wametoka jandoni na yao, na kila upande umekatazwa kusema ya kwake mbele ya mwingine. Unabaki na darasa ambalo kila mtu anajua kitu na hakuna anayethubutu kuuliza.

Kwenye semina moja tuliambiwa dawa ni sanduku la maswali. "Litundikeni, watoto watauliza wenyewe," alisema mwezeshaji, mwenye projekta, maandazi na uhakika mwingi. Nikachukua boksi la chaki, nikalitoboa mdomo, nikalitundika mlangoni pa ofisi. Nilipolifungua nilikuta maganda ya karanga, karatasi za pipi, na barua ya kumshtaki mtu kwamba ameiba peni. Basi. Mtoto akilisogelea tu, wenzake wanaimba, "Kaenda kuuliza ya ukubwani!" Halafu hawa watoto husahihishiana madaftari kila siku, mwandiko wa kila mmoja unajulikana hadi darasa la nne. Siri gani hapo?

Basi nikaliingiza sanduku darasani. Karatasi nilizikata sawasawa kutoka daftari moja. Wote wanaandika kwa wakati mmoja, kwa herufi kubwa, na asiye na swali ananakili ubaoni: KOROSHO NI ZAO LA BIASHARA. Kila peni inatembea, huwezi kujua nani anauliza na nani yuko kwenye korosho. Ujanja wenyewe hasa ni huu: kabla ya kipindi nilitumbukiza maswali yangu mwenyewe, niliyoyaandika kwa mkono wa kushoto, moja nikalikunja kona nilitambue. Nikalichomoa la kwanza, nikalisoma kwa sauti nzito: KWA NINI MWALIMU ANAPAKA MAFUTA KIPARANI? Darasa lilivunjika mbavu. Nikajibu kwa umakini kabisa, kuhusu ngozi na jua la Oktoba. Wakaona kwamba swali lolote hapa linajibiwa na hakuna anayechapwa.

Duru iliyofuata korosho zilipungua sana. Chunusi ni dalili ya kutaka kuolewa? Mvulana akiamka amejilowesha, ni ugonjwa? Ukikaa dawati moja na mvulana unapata mimba? Haya unayajibu kifupi na bila kutabasamu. Na usijifanye daktari. Usilolijua sema utamuuliza nesi wa zahanati, kisha kamuulize kweli.

Lililonisumbua ni hili: MSICHANA AKIWA KWENYE SIKU ZAKE AKIINGIA BUSTANINI MCHICHA UNAKAUKA? Nikasema hapana, nikaona macho yao. Mwalimu hajui, bibi anajua. Nikawaambia sawa, tupimeni. Bustani ya shule tukaigawa matuta mawili, mbegu moja, samadi moja, wavulana lao na wasichana lao. Sikumuuliza mtu siku zake, na wewe usithubutu. Hesabu inatosha: mchicha unachumwa wiki tatu hadi nne tangu kupanda, na mzunguko wa hedhi kwa kawaida ni siku 21 hadi 35, ingawa kwa mabinti wanaoanza unaweza kuruka hadi 45. Wasichana wote wale wamwagilie kwa muda huo asipatikane hata mmoja? Darasa lilipiga hesabu lenyewe, na hiyo ndiyo siku pekee niliyoona watu wanafurahia hesabu baada ya saa nane mchana.

Tuta la wasichana lilistawi hadi mwalimu mkuu akaomba fungu. La wavulana lililiwa na kuku, kwa sababu walisahau kuzungushia miiba.

Kuhusu pedi, picha ya kitabuni haisaidii kitu. Nilichemsha rozela, yale maua ya juisi nyekundu, nikaiacha ipoe, nikaimiminia pedi ya dukani kijiko kwa kijiko mbele ya darasa. Wavulana walisogea wenyewe kuhesabu. Mmoja akauliza kama hiyo ni nepi ya mtoto mchanga, wasichana wakamcheka, na ukimya uliokuwa umetanda tangu asubuhi ukaishia hapo. Kwenye Stadi za Kazi tukashona za kufua, flaneli juu na taulo ndani, wavulana nao wakiwa na sindano. Mishono yao ilikuwa mizuri kuliko ya wasichana, nasema kweli. Gharama haikufika mbali: flaneli ya elfu chache, na taulo moja la zamani ambalo mke wangu bado ananidai. Za dukani ni mzigo kwa mzazi wa hapa. Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike, yaani pedi, 2018, ikairudisha 2019 kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Mtoto wa mkulima hakuona tofauti, kuja wala kuondoka.

Wazazi niliwaita kabla, na mwalimu mkuu akiwepo. Ukiruka hapo umekwisha. Bibi mmoja, kungwi anayeheshimika, alisimama: "Wewe mwalimu, mwanaume, utawaambia nini wajukuu zangu?"

"Shikamoo bibi. Njoo usikilize, nikikosea unikatize."

Alikuja kweli, akakaa dawati la nyuma na kanga yake. Tuligongana sehemu moja tu. Nilisema vitambaa vianikwe juani, maana vikikaa na unyevu chini ya godoro vinaota ukungu na kumwasha mtoto. Akasema jambo hilo halionyeshwi watu. Tukavutana kidogo, darasa linatazama kama mpira. Mwisho akasema mwenyewe: "Anika kambani, tupia kanga nyepesi juu. Nani atajua?" Sikuwa na jibu bora kuliko hilo, na sasa ndilo ninalofundisha.

Akiba ya pedi iko kabatini kwa mwalimu wa malezi. Akiwa hayupo, msichana ananijia kusema, "Mwalimu, naomba chaki ya rangi," nami nampa ufunguo. Neno hilo walilitunga wao. Shida ni walimu wageni: mmoja alimpa binti chaki ya bluu kweli, mtoto akarudi darasani nayo mkononi. Mkija shuleni kwetu, ulizeni kwanza. Na komeo la choo cha wasichana nimenunua kwa hela yangu, maji bado wanabeba kwa ndoo.