Nilivyojifunza kusoma maboya nikiwa Goma

Nilikuwa msaidizi kwenye boti ya mizigo kati ya Goma na Idjwi. Alfajiri moja, tukiukaribia mwalo, tukasikia mbao za chini zikikwaruza mwamba. Nahodha wetu, mzee aliyelijua Ziwa Kivu tangu utoto, siku zote aliukwepa mwamba ule kwa kuulenga mkaratusi mrefu uliokuwa kilimani. Wiki ile mkaratusi ulikuwa umekatwa kuchomwa makaa. Maji hayakuingia, ila mikono yangu ilitetemeka mpaka tulipofunga kamba.

Nikamwomba shemeji yangu, aliyekuwa akifanya kazi mtoni kule Boma, anitumie kwa simu picha za kurasa zinazoeleza maboya, yaani alama zinazoelea majini kuonyesha njia salama. Niliposoma kwamba jekundu ni kushoto na la kijani ni kulia, nikadhani nimemaliza.

Nikapanga mikebe ya nyanya kwenye baraza, na upande wa pili faneli za kijani za kumwagia petroli, nimezipindua. Boya jekundu lina umbo la mkebe na la kijani limechongoka juu, ili jua likikupiga machoni ukashindwa kuona rangi, umbo likuambie. Nikapita katikati, sawa. Nikageuka kurudi, mikebe ikawa kulia kwangu. Nikasimama pale nimeduwaa. Binti yangu akasema, "Papa, mikebe haikuhama. Ni wewe umegeuka."

Hapo nikaelewa. Kushoto na kulia huhesabiwa kwa anayetoka baharini kuingia bandarini, au anayepanda mto, anayeshuka hugeuza. Ndivyo ilivyo Afrika na Ulaya. Katika bara la Amerika, na pia Japani na Ufilipino, rangi zimebadilishana, kwa hiyo picha za kuokota kwenye intaneti zinaweza kukupoteza.

Maboya ya manjano na nyeusi yalinitesa zaidi. Hayo hayajali unatoka wapi: yanakuonyesha upande wa dira ulio salama kupita. Juu yake kuna koni mbili nyeusi, kama zile faneli zangu. Ncha zote zikitazama juu, pita kaskazini yake. Zikitazama chini, kusini. Vitako vikielekeana, mashariki. Ncha zikielekeana, magharibi. Usiku taa ya boya la mashariki huwaka na kuzimika mara 3, la kusini mara 6 na mwako mmoja mrefu, la magharibi mara 9, na la kaskazini huwaka na kuzimika mfululizo, kama namba za saa ya ukutani. Soma namba iliyoandikwa, si saa tunayoitamka: penye 3 sisi husema saa tisa, na ukichanganya hapo utapita upande ulio kinyume kabisa.

Mwamba wetu haukuwa na alama yoyote. Baada ya kuzungumza na ofisi ya bandari na wavuvi, tulipaka kidumu rangi nyeusi, tukakizungushia mkanda mwekundu, na juu ya fimbo tukafunga mipira miwili myeusi, mmoja juu ya mwingine. Ndiyo alama ya hatari iliyo peke yake, maji yakiwa salama pande zote. Bila ile mipira, mtu angedhani ni kidumu cha nyavu za sambaza, dagaa wetu wa Kivu.

Kamba ya kwanza ililiwa na jiwe, kidumu kikaenda na mawimbi. Sasa tunatumia mnyororo, na kila mwanzo wa mwezi mimi na kijana mmoja mvuvi tunauvuta juu kuukagua pete kwa pete.