Kuuza Leseni za Vipande vya Filamu za Kiswahili Mtandaoni: Uzoefu Wangu

Biashara yangu ni kuuza leseni za vipande vya filamu. Siuzi filamu nzima. Ninachouza ni ruhusa ya kutumia kipande cha sekunde 10, sekunde 20 au dakika moja kutoka filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Dar es Salaam katika enzi za VHS, VCD na DVD, na wanunuzi wangu ni watayarishaji wa makala za televisheni, mashirika ya matangazo, vyuo na wenye chaneli za mtandaoni. Mteja anaingia kwenye tovuti, anatazama kipande chenye nembo iliyopauka juu ya picha, anachagua, analipa, kisha anapakua nakala safi pamoja na hati ya leseni. Ukiisikia hivyo, kazi inaonekana nyepesi. Uzito wake wote uko katika jambo moja: kuthibitisha nani mwenye haki ya sekunde 20 kunahitaji kazi ileile ya kuthibitisha haki ya filamu nzima, ilhali bei ya sekunde 20 ni ndogo mno kuweza kubeba kazi hiyo.

Wakati naanza, kielelezo nilichokuwa nacho ni Movieclips, tovuti ya Marekani ya vipande vya filamu, iliyozinduliwa mwaka 2009 ikiwa na vipande vilivyopatikana kwa mikataba na studio kubwa za Hollywood, na ambayo mwaka 2014 ilinunuliwa na Fandango, kampuni inayouza tiketi za sinema mtandaoni. Niliisoma kwa makini na nikaona kwamba hainifai kwa sababu mbili. Mapato ya mtindo ule yanategemea matangazo, na matangazo yanadai watazamaji wengi sana kwa kila kipande. Isitoshe, studio kubwa ina idara ya sheria na kumbukumbu za mikataba yake. Ukikubaliana na studio moja, unapata mamia ya filamu kwa pamoja. Huku kwetu kila filamu ina mtayarishaji wake, na kumbukumbu zake, kama zipo, ziko kwenye bahasha kabatini nyumbani kwa mtu. Kwa hiyo niliamua kutafuta wateja wachache wanaolipa leseni yenyewe, badala ya watazamaji wengi wanaoletewa matangazo.

Wateja hao walinishangaza kwa kile wanachokitafuta. Ni wachache wanaoulizia filamu kwa jina au mwigizaji kwa umaarufu wake. Wengi wanatafuta jiji. Mtayarishaji wa makala anataka Barabara ya Morogoro kabla ya njia za mwendokasi, ambao mabasi yake yalianza kazi mwaka 2016. Anataka watu wakisubiri pantoni Kivukoni kabla ya Daraja la Kigamboni kufunguliwa mwaka huohuo. Anataka vipanya, vibanda vya simu, saluni za kusuka uwanjani, au Kariakoo kabla nyumba za chini hazijabomolewa kupisha maghorofa. Waongozaji wetu, ambao hawakuwa na fedha za kujenga seti, walipiga picha mitaani na kwenye nyumba za ndugu zao, na bila kukusudia wakahifadhi jiji ambalo halipo tena. Nilipolitambua hilo, niliacha kupanga orodha yangu kwa majina ya filamu na nikaanza kueleza kila kipande kwa kilichomo: mahali, hali ya hewa, vyombo vya usafiri, mavazi, shughuli inayofanyika. Maelezo hayo nayaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa mnunuzi wa Ulaya hawezi kutafuta neno “kitchen party” katika filamu asiyoijua, lakini ataandika kwamba anataka wanawake wa mjini wakicheza sherehe ya jioni.

Sehemu ngumu kuliko zote ni mnyororo wa haki, yaani ushahidi unaoonyesha haki ilianzia kwa nani, ikapita kwa nani, na sasa iko kwa nani. Nitaeleza mkataba mmoja kwa sababu unafanana na mingine mingi niliyoiona. Ulikuwa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kaunta buku, ukiwa na saini mbili na muhuri wa duka la msambazaji uliopigwa upande hadi nusu yake ikaangukia nje ya karatasi. Ulisema kwamba mtayarishaji amelipwa fedha yake yote, na kwamba kuanzia siku hiyo msambazaji ana haki ya kuzalisha na kuuza VCD na DVD na kuionyesha filamu kwenye televisheni. Mtayarishaji aliponikabidhi nakala yake aliniambia, “Mdogo wangu, filamu hii nilishaiuza zamani. Wewe unataka kununua nini tena kwangu?” Nilimjibu, “Kaka, soma tena ulichouza.” Intaneti haikutajwa popote, na vipande havikutajwa popote. Yeye aliamini kwa moyo wote kwamba hana chake tena, na msambazaji naye aliamini kwamba kila kitu ni chake, hata matumizi ambayo siku ya kusaini hakuna kati yao aliyeyafikiria.

Wakili niliyemwomba ushauri alikuwa na msimamo kwamba haki ambayo haikutajwa kwenye maandishi ilibaki kwa mtayarishaji. Huenda mahakama ingekubaliana naye. Hata hivyo, mimi sikuwa na sababu ya kuwapeleka watu wawili mahakamani ili niuze sekunde 20 za pantoni. Mnunuzi wa leseni anataka amani zaidi ya ushindi. Anataka hakikisho kwamba hakuna atakayejitokeza miezi sita baada ya makala kurushwa na kudai kwamba hakuulizwa. Kwa hiyo nilianzisha makubaliano ya pande tatu, ambamo mtayarishaji na msambazaji wote wawili wanasaini kunipa ruhusa ya kutoa leseni za vipande, wanakubaliana mgawo wa mapato, na kifungu kimoja kinasema wazi kwamba saini hizo hazibadilishi madai ya yeyote kuhusu umiliki wa filamu nzima. Kifungu hicho kidogo ndicho kilichofungua milango. Mtu anayeogopa kupoteza filamu yake hawezi kusaini, lakini ukimhakikishia kwamba ugomvi wake unabaki palepale ulipo na kwamba fedha ya vipande itaanza kuingia, anakaa mezani.

Pamoja na makubaliano hayo, kwa kila filamu nafungua jalada kabla ya kuweka mtandaoni hata picha moja. Hakimiliki chini ya sheria ya hakimiliki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, haitegemei usajili, lakini cheti cha COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki, palipo na cheti, hunisaidia sana mbele ya mnunuzi wa nje, na vivyo hivyo nyaraka za Bodi ya Filamu zinazoonyesha nani aliyeiwasilisha filamu kukaguliwa. Kazi hiyo ya jalada inafanywa mara moja tu, kisha inahudumia kila kipande kitakachotoka kwenye filamu hiyo. Hapo ndipo hesabu ya biashara ilipokubali. Ningesubiri mteja aombe kipande ndipo nianze kutafuta wenye haki, kila mauzo yangekuwa hasara, na mteja mwenye tarehe ya kurusha makala asingenisubiri.

Muziki uliniumiza kichwa kwa namna ya pekee. Filamu nyingi nilizozipitia zina nyimbo za kigeni zilizobandikwa nyuma ya mazungumzo bila ruhusa yoyote, na hata wimbo wa nyumbani mara nyingi ulitumiwa kwa maelewano ya mdomo. Katika wimbo mmoja kuna haki ya mtunzi na kuna haki ya mwenye rekodi, na hawa wanaweza kuwa watu wawili wasiofahamiana. Kama mazungumzo na muziki vingehifadhiwa kwenye njia za sauti zilizotenganishwa, ningeuondoa muziki na kubakiza maneno, lakini kwa kawaida kilichobaki ni sauti moja iliyokwisha changanywa. Kuna onyesho ninalolipenda la mama anayepika vitumbua barazani huku redio ikiimba taarabu nyuma yake, na mwanawe anakuja kumuaga kabla ya safari. Redio haiwezi kuondolewa bila kuondoa sauti ya mama, na wakati huo sikuwa nimempata mwenye rekodi. Suluhisho lilitoka kwa wateja wenyewe: watayarishaji wengi wa makala huweka sauti ya msimulizi juu ya picha, hivyo hawahitaji sauti ya asili kabisa. Nikatenga daraja la picha bila sauti, kwa bei ya chini, na vipande vingi vilivyokuwa vimekwama vikaanza kuuzika. Onyesho la vitumbua linauzwa hivyo.

Waigizaji ni suala la heshima pamoja na sheria. Mtu aliyekubali kuigiza mlevi katika filamu hakukubali uso wake utumike katika tangazo la dawa au la chama cha siasa. Leseni yangu ya kawaida inakataza matangazo ya biashara na ya siasa pale sura ya mwigizaji inapotambulika, na anayetaka matumizi hayo lazima nimtafute mwigizaji kwanza, aridhie na alipwe. Nimepoteza wateja wa matangazo kwa msimamo huu na siujutii.

Kuhusu ubora wa picha sitasema mengi. Nyingi ya filamu hizo zilipigwa kwa kanda za MiniDV, zenye picha ya pikseli 720 kwa 576, na kanda nyingi zilirekodiwa mambo mengine juu yake ili zitumike tena. Palipobaki masta, yaani nakala ya kwanza ya filamu, naichukua. Palipobaki DVD pekee, naandika hivyo kwenye maelezo ili mnunuzi asije akadai fedha yake.

Wanunuzi wa nje wana fomu zao, na karibu zote huanza na dai lilelile: dunia nzima, njia zote, milele. Nilijifunza kuvunja dai hilo katika sehemu tatu, yaani eneo, muda na njia ya matumizi, na kuipa kila sehemu bei yake, kwa sababu mteja akiona bei ya milele karibu na bei ya miaka mitano, mara nyingi hugundua kwamba miaka mitano inamtosha. Kilichonisumbua zaidi ni kifungu kinachonitaka nibebe gharama yote iwapo madai yatatokea. Mtayarishaji wa makala huko nje anahitaji bima ya kumkinga na madai ya haki ndipo kituo cha televisheni kimpokee, na kampuni ya bima inamtaka apate hakikisho kutoka kwangu. Ninakubali kutoa hakikisho hilo, lakini kwa ukomo: dhamana yangu haivuki kiasi nilicholipwa kwa leseni husika. Wengine hukataa. Wengi, wakishaona jalada lenye saini za pande tatu, hukubali.

Kisha kuna tatizo ambalo mkataba peke yake hauwezi kulizuia. Mteja wangu mmoja aliyelipia kila kitu aliweka makala yake YouTube, na mfumo wa Content ID, ambao hulinganisha kila video na kazi ambazo wenye haki wameziingiza humo, ukaipa dai kutoka kwa kampuni ambayo mimi wala mtayarishaji hatukuwahi kuisikia. Kampuni hiyo ilikuwa imeingiza filamu nzima kwenye mfumo kana kwamba ni yake, na mapato ya makala ya mteja wangu yakaanza kuzuiwa. Mteja alipinga dai, nami nikampa nakala za jalada zima. Mdai ana siku 30 za kujibu pingamizi, na kwa mtu aliyetoka kuzindua kazi yake siku hizo ni nyingi mno. Dai liliondolewa. Tangu hapo, kabla ya kuiweka filamu kwenye orodha natafuta kwanza kama kuna aliyeipakia mtandaoni, na leseni zangu zinamtaka mteja anitajie chaneli atakayotumia ili utetezi uwe tayari mapema.

Malipo nayo yana usumbufu wake, kwani makato ya benki kwa fedha inayotoka nje yanaweza kula sehemu kubwa ya ankara ndogo. Niliweka kima cha chini cha oda, nikaruhusu wateja wa mara kwa mara kulipa kwa pamoja kila robo mwaka, na watayarishaji nawalipa kwa simu pamoja na karatasi inayoonyesha kipande gani kiliuzwa, kwa nani na kwa matumizi gani. Karatasi hiyo imeniletea filamu nyingi kuliko tangazo lolote, kwa maana watayarishaji huonyeshana.

Ninachopambana nacho sasa ni filamu ambazo wenyewe wamefariki. Mjane au mtoto hawezi kusaini kwa sababu tu ndiye aliyebaki na kanda. Mnunuzi atataka hati ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na mara nyingi mirathi ilifunguliwa kwa ajili ya kiwanja na pikipiki, filamu hazikutajwa. Nimeanza kuzisaidia familia kuandika orodha ya kazi za marehemu na kuipeleka mahakamani pamoja na mali nyingine, na kwa watayarishaji walio hai, makubaliano mapya yana sehemu ya kumtaja atakayepokea mapato baada yao. Filamu ambayo familia bado inabishana juu yake haiingii kwenye orodha, hata kama ndiyo yenye picha nzuri kuliko zote za pantoni.