Saini ya jaji aliyekufa na madeni

Jamani, leo nimefika kwenye kaburi la James Wilson pale Christ Church, Philadelphia, na bado namfikiria. Mskoti huyu aliyezaliwa 1742 alitia saini Azimio la Uhuru la Marekani 1776, kisha Katiba 1787. Waliosaini zote mbili ni sita tu! Mwaka 1789 George Washington akamteua kuwa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu.

Kilichomponza ni ardhi. Alinunua maeneo makubwa kwa mikopo, soko likaporomoka, akafungwa kwa deni huku bado ni jaji. Alifia Edenton, North Carolina, 1798, na mabaki yake yakarudishwa Philadelphia 1906.

Wakusanyaji wa hati za kale wana hamu ya kutimiza saini zote 56 za Azimio. Anayewatesa ni Button Gwinnett, aliyefariki 1777 akaacha maandishi machache mno. Wilson alikuwa wakili na mfanyabiashara, kwa hiyo alisaini karatasi nyingi. Mzee mmoja aliwahi kunionyesha hati yenye saini yake: wino ulioanza mweusi umegeuka kahawia, na kwenye mikunjo karatasi imeanza kuachia.

Hati kama hiyo kukaa nyumbani kwa mtu sioni ubaya, ikitunzwa. Ila rasimu za Katiba ambazo Wilson aliandika kwa mkono wake ziko Historical Society of Pennsylvania, taasisi inayohifadhi nyaraka za kale, na nashukuru hazikuishia mnadani.